Je, wajua kwa nini muuza viazi hujifunza hesabu haraka akianzia kwenye sado, ile ndoo ndogo ya kupimia?

Soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mteja anataka sado saba za viazi, kila sado sh. 3,500. Mama muuzaji hana kalamu wala kikokotoo. "Mbili elfu saba, nne kumi na nne, sita ishirini na moja, na hiyo moja... ishirini na nne na mia tano." Anapokea elfu thelathini. Anarudisha mia tano, "ishirini na tano hiyo," kisha noti ya elfu tano, "na thelathini." Ameshamgeukia mteja mwingine.

Jioni mama huyohuyo yuko darasani kwenye kisomo. Ubaoni pameandikwa 3,500 × 7. Anainamia daftari, anaandika, anafuta, anaandika tena. Mwisho anaweka kalamu chini: "Mwalimu, mimi hesabu sikujaliwa."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi katika madarasa ya watu wazima, na kila mara huniuma, kwa sababu si kweli. Mchana kutwa ameipiga hesabu hiyohiyo bila kukosea. Sasa kwa nini ubao unamshinda?

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha matokeo ya kazi yao huko Recife, Brazil. Waliwaendea watoto watano wachuuzi, wakanunua bidhaa kama wateja wengine huku wakiwauliza bei na chenji. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 98. Baadaye watoto walewale wakapewa hesabu za aina ileile kwa mtindo wa shule, tarakimu tupu. Wakapata asilimia 37. Mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi, moja ikiuzwa cruzeiro 35. Shule ingemwambia aongeze sifuri. Yeye alikwenda kwa tatutatu: tatu ni 105, tatu nyingine 210, tena tatu 315, ongeza moja, 350. Hao walikuwa watoto, lakini ukimsikiliza mama wa Mwanjelwa akihesabu sado mbilimbili utaona ni njia ileile.

Sababu iko katika namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Tunapofikiri, akili hubeba vitu vichache tu kwa mara moja. Kwa asiyeuzoea ubao, alama ya kuzidisha ni mzigo, kupanga tarakimu ni mzigo, "andika tano, shika tatu" ni mzigo mwingine. Sado saba za viazi si mizigo saba. Ni picha moja aliyoibeba kwa miaka. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walionyesha jambo hilo kwa mchezo wa chesi: bingwa akitazama kwa sekunde tano kete zilizopangwa kama katika mchezo halisi, huzikumbuka nyingi kuliko mgeni wa mchezo. Kete zikitawanywa ovyo, ubingwa wake karibu wote hupotea. Kwa hiyo si kwamba ana kichwa kikubwa zaidi. Ana miaka mingi ya kucheza, na jipya linapata pa kukaa.

Mtu mzima anakuja darasani na miaka hiyo tayari. Mwalimu Mbrazili Paulo Freire aliitumia mwaka 1963 katika mji wa Angicos, ambako watu wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa muda wa saa 40 hivi. Hawakuanza na a, e, i, o, u. Walianza na maneno ya maisha yao, na mojawapo ya maneno yaliyotumika katika njia yake ni tijolo, yaani tofali. Kwanza watu waliongea: nani anafyatua, nani anajenga, nani analala katika nyumba hiyo. Ndipo neno likavunjwa silabi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako ukisafiri kutoka Iringa hadi Tukuyu unapishana na matanuri ya matofali njia nzima, neno hilo halihitaji kubadilishwa: to-fa-li. Ta te ti to tu, fa fe fi fo fu, la le li lo lu. Kwa safu hizo tatu mwanakisomo anajitungia mwenyewe tufe, fito, lala, lipa... hapana, pa bado hajafika. Na hiyo pa ataiulizia mwenyewe, maana neno lipa analihitaji.

Tanzania nayo ina historia yake, na ninaona tunaisahau mapema mno. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili. Kikundi kilikaa, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kisha kikajadili maji, mbu na vyoo vya kijiji chao wenyewe na kuamua la kufanya. Watu walitoka hapo wakaenda kuchimba vyoo.

Sasa, kutumia uzoefu si kuuliza tu mwanzoni mwa kipindi "nani hapa ni mkulima?" halafu ukageukia ubao na kuendelea na yako. Nitatoa mfano wa asilimia, somo linaloogopwa kweli. Darasa zima liko kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Waulize: mtu amekopa laki mbili kwa riba ya asilimia kumi, riba ni ngapi? Watajibu kwa pamoja: elfu ishirini. Basi asilimia wanaijua. Lete mfuko mtupu wa mbolea ya DAP wa kilo 50, ulioandikwa 18-46-0. Wanajua ni ya kupandia, lakini namba hizo wamezivuka kila msimu. Asilimia kumi ya kilo 50 ni 5. Arobaini ni 20. Sita ni 3. Kumbe katika mfuko ule fosfeti, ile asilimia 46, ni kilo 23, na naitrojeni, ile asilimia 18, ni kilo 9. Njia ni yao, ya vikoba. Mwezeshaji ameongeza mfuko na jina la jambo.

Halafu lazima ufike mahali njia yao inapokwama. Sado saba unaweza kuzihesabu mbilimbili. Sado 367 utachoka, na hapo ndipo kuzidisha kwa maandishi kunaonekana ni msaada, si adhabu.

Na uzoefu hudanganya pia. Wakulima wengi hapa wanajua kwamba mbegu huchaguliwa kutoka kwenye hindi kubwa na zuri. Kwa mahindi ya asili wazee walikuwa sahihi. Kwa mbegu chotara, ukipanda punje za mavuno yako, nguvu ya uchotara hupungua, shamba linatoka mrefu na mfupi, na magunia yanapungua. Ukimwambia mzee "umekosea," umemfunga mdomo mwaka mzima. Mwombe apande mistari miwili, mmoja mbegu mpya ya dukani, mwingine punje za ghalani kwake, kisha darasa liende kuangalia.

Jingine ni la heshima. Wapo waliofukuzwa shule kwa ujauzito, wapo waliochapwa hadi wakaichukia kalamu. Uzoefu huo ni wao. Usimwombe mtu ausimulie mbele ya wenzake ili somo lako linoge.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la lumbesa. Kwa sheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini viazi vya milimani hujazwa mpaka gunia linaota kichwa na kushonwa kwa kamba juu. Mkulima amezoea kuhesabu magunia, hahesabu kilo. Siku moja tuliazima mizani, tukapima la mzee mmoja wa darasani. Likasoma 134. Yule mama wa viazi aliomba chaki. "Kilo 34 za bure. Kilo tuseme mia saba. Kumi elfu saba, thelathini ishirini na moja elfu, nne elfu mbili mia nane." Akaandika 23,800, kisha akaongeza sifuri moja mwishoni: magunia kumi, 238,000.

Mzee alikaa kimya kidogo, akachukua daftari, akanakili kila mstari kama ulivyo. Alisema kesho dalali anakuja.