Kufuga: si ng'ombe na kuku tu

Nahariri kamusi, na vitenzi vifupi ndivyo vinavyonichelewesha kazini. "Kufuga" ni kimojawapo. Kamusi huanza na kuweka mnyama nyumbani na kumtunza, na hapo hakuna ubishi. Wapo wanaoongeza kwamba kufuga ni kumtiisha mnyama, kumwondolea ukali. Lakini tunafuga nyuki pia, na nyuki hajatiishwa na mtu: unamtundikia mzinga, akipenda anakaa, asipopenda anahama. Tunafuga samaki bwawani. Tunafuga kucha, ndevu na rasta. Mzee anayeficha kikohozi ataambiwa na wanawe, "Baba, usifuge ugonjwa, twende hospitali."

Kwa hiyo sioni kwamba kiini cha neno hili ni kuondoa ukali. Ndevu zilikuwa kali lini? Kiini ni kukiacha kitu kikae kwako na kikue, kwa kukitunza au hata kwa kutokishughulikia.

Maana ya kutiisha hujitokeza zaidi tukisema "fugika". Mtaani husemwa "kunguru hafugiki", hasa kwa mpenzi asiyetulia. Haina maana kwamba hakuna aliyejaribu. Mlishe, mjengee, siku yake ikifika ataruka. Biblia ya Union Version nayo, katika Yakobo sura ya 3, inasema viumbe vya kila aina "vinafugika", bali ulimi hakuna awezaye "kuufuga". Anayelijua neno hili kwa kinyozi tu atashangaa kidogo hapo.

Wanafunzi wangu hulichanganya na "kuchunga". Kijana wa kuajiriwa anachunga ng'ombe wa tajiri kutwa nzima, ila mfugaji ni tajiri mwenyewe, hata kama hajakanyaga malishoni mwaka mzima.

Nomino "mfugo" ni finyu kuliko kitenzi. Kule Gangala-na-Bodio, Kongo, Wabelgiji waliwakamata tembo wachanga porini wakawafundisha kubeba watu na kuvuta mizigo. Nitakubali kuandika kwamba tembo wale walifugwa. Kuwaita "mifugo" sitakubali, kwa sababu mfugo ni mnyama ambaye hata wazazi wake walizaliwa mikononi mwa watu. Nyuki naye tunamfuga, wala hatumhesabu katika mifugo. Serikali ya Tanzania inaelekea kuliona hivyohivyo: ng'ombe wako chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, nyuki wako Maliasili na Utalii, pamoja na misitu.