Mashua Pana Haikuokoi

Kila chombo cha kuzunguka dunia peke yako kikitajwa hapa Nairobi, hakosi mtu wa kusema, "Itengenezwe pana, haitapinduka." Nadhani vile viboti vya Uhuru Park ndivyo vilivyotuharibu.

Upana husaidia mwanzoni tu. Mashua ikilala, maji huusukuma juu ubavu mpana, nawe unajiona salama. Ikipita nyuzi 60 hivi, msaada huo hupungua upesi. Meza pana ni ngumu kupindua, lakini ukishaipindua hutulia miguu juu. Katika Vendée Globe ya 1996–97, mashindano ya kuzunguka dunia kwa tanga peke yako, mashua za mabaharia Bullimore, Dubois na Dinelli zilipinduka bahari ya Kusini. Baadaye kanuni zikadai chombo kithibitishe kwamba kinajiinua.

Upana wenyewe si dhambi: mashua ya Suhaili, iliyozunguka dunia kwa siku 312 mwaka 1968–69, ina urefu wa futi 32 na upana wa futi 11 hivi. Kinachoinua ni farumi, yaani uzito unaowekwa chini ya chombo kukituliza. Tena si mawe ya kumwaga ngamani kama ya jahazi. Chombo kikipinduka, hayo huangukia darini na kukuzuia usiinuke. Ni chuma au risasi iliyokazwa kwa bolti chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, thuluthi ya uzito wote au zaidi. Risasi ni nzito zaidi kwa nafasi ileile, hivyo hukaa chini zaidi.

Vitabu hutaka mashua iweze kujiinua hata ikilala nyuzi 120. Nakubali nusunusu. Hesabu ya nyuzi hizo ni ya maji shwari, milango imefungwa. Kisha mwenyewe anapandisha rada, paneli za sola na madumu ya dizeli sitahani, na bado anatamba na 120 yake! Halafu kuna mlingoti: uzito wake hupunguza uwezo wa kujiinua, lakini ukivunjika, wimbi linalofuata huviringisha mashua kwa urahisi zaidi, maana uzito ule wa mbali ndio uliokuwa ukichelewesha mzunguko. Kupatanisha hayo mawili, kusema kweli, ni kukisia.

Upepo peke yake si tatizo kubwa. Wimbi linalovunjikia ubavuni, lenye kimo kinachopita nusu ya urefu wa mashua, huviringisha karibu chombo chochote. Thuriya, nakala ya Suhaili, iliviringishwa 2018, ikainuka bila milingoti.

Kwa hiyo fungeni betri kwa mikanda, jiko kwa bolti, vibao vya sakafu kwa komeo. Mlango ufunguke kutoka ndani na nje. Upana tutaujadili baada ya hapo.