Geji imepanda, moto hauwaki

Simu ninazopigiwa zaidi si za mtambo wa biogesi, ile gesi ya kupikia ya samadi, uliokosa gesi. Ni hizi: "Fundi, geji ya presha ya gesi imepanda mpaka mwisho, lakini jiko linakataa kuwaka." Kabla sijawasha pikipiki huwa nauliza swali moja tu: wiki hii mmeulisha nini?

Mzee mmoja wa Muheza alinijibu bila wasiwasi: magunia mawili ya maembe yaliyooza na debe la pumba, kwa siku moja. Kulikuwa na harusi, alitaka gesi ya kutosha. Mzee huyohuyo asingethubutu kumpa ng'ombe wake pumba kiasi hicho, maana anajua atavimbiwa.

Mtambo nao ni tumbo. Ndani ya kuba lile lisiloingia hewa kuna makundi ya vijidudu yanayopokezana kazi. Kundi la kwanza linavunja wanga na sukari kuwa asidi; ni walafi hao, na wanazaliana kwa saa chache. Kundi la mwisho ndilo linalotoa methani, gesi yenyewe inayowaka. Hao ni wazito, huchukua siku kadhaa kuongezeka, na uchachu hawauwezi: pH, kipimo kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi, ikifika chini ya 6.5 hivi wanalegea. Ukiwamwagia vitu vitamu kwa mkupuo, asidi inarundikana kuliko wanavyoweza kuimaliza. Gesi inatoka kweli, tena nyingi, ila sehemu kubwa ni hewa ya ukaa, ambayo haiwaki. Biogesi nzuri ina methani asilimia 50 hadi 70.

(Bora yalikuwa maembe. Machungwa, ambayo Muheza ni tele, yana mafuta kwenye maganda yanayoua vijidudu wenyewe.)

Samadi ya ng'ombe inasamehe mengi kwa sababu imeshapita tumboni na inakuja na vijidudu wake. Mabaki ya shambani hayana bahati hiyo. Ndiyo maana nauheshimu mtambo wa Hale, Korogwe, uliojengwa kuzalisha umeme wa kilowati 150 kutokana na mabaki ya mkonge, ukaanza kazi mwaka 2008. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki hutoka kwenye korona, mashine ya kukamua nyuzi, kikiwa tope la kijani lililojaa sukari, na tope hilo huchacha upesi. Kulilisha kunataka vipimo, si kukisia.

Kwa mzee tulisimamisha kulisha. Tukachota ndoo sita za tope kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi vizuri, tukatia chokaa kidogo kidogo huku tukipima kwa karatasi za pH, na kila asubuhi tukaifungulia nje ile gesi mbovu, mbali na moto. Siku ya tisa jiko likashika, mwali wa buluu. Sasa anakatakata matunda vipande vidogo, ndoo moja kwa nne za samadi, na maji sawa na samadi.

Pilau la harusi lilipikwa kwa kuni.