Majigambo ya marapa: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

"Marapa hujisifu kwa sababu wamelewa pesa"

Majigambo yalizitangulia pesa. DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya Sedgwick Avenue, Bronx, New York, Agosti 1973, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop, hapakuwa na rekodi ya rap sokoni. Kibao cha kwanza kuvuma kilikuja 1979. Miaka yote ya katikati, aliyeshika maiki alikuwa akigombea jina tu, ajulikane kuwa ndiye mkali wa mtaa. Hata leo, sikiliza vizuri: mistari mingi ya kujimwambafai haisifu gari wala mkufu, inasifu vina, pumzi na kalamu ya mchanaji mwenyewe.

Hicho kibao cha 1979, Rapper's Delight cha Sugarhill Gang, kina kisa chake. Big Bank Hank, mmoja wa kundi hilo, alichana humo mistari ya rapa mwingine, Grandmaster Caz, na hakujisumbua hata kubadilisha jina: anajitambulisha herufi kwa herufi kuwa Casanova, jina alilokuwa akilitumia Caz. Wimbo ukaenea duniani, na Caz hakutajwa kama mtunzi. Mtu kajigamba, sifa kapewa mwingine! Ukikijua kisa hiki hushangai tena kwa nini rapa hurudia jina lake mara tatu kabla hata ubeti haujaanza.

"Akisema 'mimi', anasimulia maisha yake yalivyo"

Si lazima. The Notorious B.I.G. alitoa Juicy Agosti 1994, albamu yake ya kwanza ikiwa bado haijaingia sokoni. Lakini ndani ya wimbo ameshafika: zamani mlo wa usiku ulikuwa dagaa wa kopo, sasa bili ya simu peke yake ni kama dola 2,000. Mafanikio makubwa anayasimulia kabla hayajamfikia. Huo mimi naona si uongo. "Mimi" wa kwenye rap ni mhusika, nusu mtunzi mwenyewe na nusu yule anayetamani kuwa.

"Maarufu ni tajiri"

Fedha anazopewa msanii na lebo anaposaini mkataba kwa kawaida si zawadi. Hukatwa kwenye mrabaha wake, pamoja na gharama za studio, kabla hajaona senti nyingine. Na hata zikiingia, hazikai zenyewe. Albamu ya MC Hammer ya 1990 iliuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani. Mwaka 1996 akaomba mahakama imtangaze mufilisi.

"Rapa halisi hajali tuzo"

Wanajali, tena sana. Grammy, tuzo kubwa za muziki Marekani, ilipoanzisha kipengele cha rap mwaka 1989, utoaji wake haukurushwa kwenye televisheni, na washindi, DJ Jazzy Jeff & The Fresh Prince, wakasusia hafla. Rapa Nas, aliyetoa albamu ya Illmatic mwaka 1994, alipata Grammy yake ya kwanza 2021. Asiyejali hasusii wala hahesabu miaka. Jay-Z naye alisusia mwaka 1999 kwa sababu rapa mwenzake DMX hakuteuliwa, ingawa yeye mwenyewe alishinda usiku huohuo. Mwaka 2024 alipanda jukwaa lilelile kupokea tuzo ya heshima, na badala ya kushukuru tu, akawauliza waandaaji imekuwaje mkewe Beyoncé, mwenye Grammy nyingi kuliko wote, hadi wakati huo alikuwa hajawahi kushinda albamu bora ya mwaka (aliishinda 2025).