Hesabu hatua mkononi kabla ya kununua chipu

Anayejiundia fimbo ya simuleta ya ndege kwa kawaida huuliza kwanza chipu ya kugeuza voltiji kuwa namba ina biti ngapi. Mimi naanza na rula. Pima kutoka egemeo hadi katikati ya mshiko, kisha pima fimbo inalala digrii ngapi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Tuseme ni milimita 200 na digrii 40, yaani 20 kila upande. Mkono unasafiri takriban milimita 140, na hizo ndizo za kugawanya kwa hatua, yaani namba tofauti ambazo chipu inaweza kutoa.

Sasa funga potenshiomita (kikinza cha kuzungusha kinachotoa voltiji kulingana na pembe) ya digrii 270 moja kwa moja kwenye egemeo. Bodi ya Arduino Leonardo husoma voltiji hiyo kwa biti 10, hatua 1024, lakini hatua hizo zimetandazwa kwenye digrii zote 270. Fimbo inatumia 40 tu, kwa hiyo zinabaki hatua kama 150, kila moja karibu milimita nzima mkononi. Kwenye mhimili wa kuinua na kushusha pua, utaiona kasoro hiyo wakati wa kutua: pua inaruka badala ya kuteleza, na mwenye fimbo anadhani tatizo ni programu.

Ukiweka gia ya 1 kwa 5, potenshiomita ileile itazunguka digrii 200 na kukupa hatua kama 750, chini ya milimita 0.2 kila moja. Hakikisha tu meno ya gia yanabanwa na springi. Yakicheza, umepoteza ulichopata. Kihisi cha sumaku cha AS5600 hakisuguliki, nami nakipenda kwa hilo, ila biti zake 12 ni za duara zima: digrii 40 ni hatua kama 455. Potenshiomita ya biti 10 yenye gia imeipita!

ADS1115, chipu ya nje ya kugeuza voltiji kuwa namba, inatangazwa kuwa na biti 16. Ukipima voltiji dhidi ya grandi, zinabaki 15, na usomaji wake wa juu, 860 kwa sekunde, unagawanywa kwa milango yote minne. Tena hutumia voltiji rejea (ya kulinganishia) yake ya ndani, hivyo 5V ya USB ikiyumba, usomaji nao unayumba. Leonardo haina shida hiyo iwapo potenshiomita na rejea vinatumia 5V ileile, maana vinapanda na kushuka pamoja.

Kabla ya kununua chochote, jaribu kusoma mara 16, jumlisha, gawanya kwa 4. Unapata biti 12. Kila usomaji huchukua kama mikrosekunde 104, hivyo mhimili mmoja unamaliza chini ya milisekunde 2. Sharti ni kelele ndogo ya kama hatua moja. Namba ikiwa imetulia kabisa, kujumlisha hakuongezi kitu.

Kelele ikizidi, ni jambo jingine. Iache fimbo huru, tazama namba ghafi kwa dakika moja. Zikitangatanga ndani ya hatua 4, biti mbili za mwisho si za kutegemea. Tumia potenshiomita ya kilo-ohm 10 ya mstari, na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wake wa kati na grandi, karibu na bodi. Ya kilo-ohm 100 iepuke: ikiwa katikati, ukinzani wake wa kutoa ni kilo-ohm 25, wakati ATmega32U4, chipu ya Leonardo, inataka usizidi 10. Matokeo yake, ukisogeza mhimili mmoja, wa jirani nao unatikisika.

Kisha shika mshiko na uutikise bila kihisi kusogea. Ukicheza milimita moja, rekebisha beringi kwanza, biti zisubiri.

Si kila mhimili unastahili gharama hii. Kwa pua na mabawa nataka hatua 700 za kweli au zaidi. Kanyagio za usukani wa mkia zinatosheka na 500, breki na wenzo wa nguvu ya injini 256. Flapu zenye vituo vinne ziwekee swichi nne.

Kwa wanaotumia Linux: kenali (kiini cha mfumo) huipa jostiki kichujio cha fuzz, cha kupuuza mabadiliko madogo, cha 1/256 ya masafa yote, nacho humeza misogeo midogo hata kama vifaa vyako ni safi. Kiweke sifuri kwa programu ya evdev-joystick kabla hujaanza kufungua boksi kutafuta kosa.