Moshi mweusi si kifo cha injini: dhana zinazowagharimu wenye magari ya dizeli Arusha

"Injini imekwisha hii, tuishushe." Mwenye Land Cruiser au Hilux ya dizeli ya zamani huambiwa hivyo upesi mno katika gereji zetu, mara nyingi kwa sababu tu gari linatoa moshi mweusi likipanda mlima.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni kama mita 2,300. Huko juu hewa ni nyepesi, lakini pampu ya dizeli ya injini isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), kama 1HZ ya Land Cruiser, huendelea kupeleka dizeli kiasi kilekile, isipokuwa iwe na kifaa cha kuipunguza kwenye miinuko. Moshi kidogo mlimani, basi, usikutishe. Ukiwa mwingi hata tambarare, anza na filta ya hewa, maana vumbi la kiangazi huiziba haraka, kisha nozeli, zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, zipelekwe kupimwa kwenye mashine. Moshi wa kukufanya ushuku ringi za pistoni ni wa bluu, ambao ni oili inayoungua, na hata huo dai kwanza kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.

Mweupe nao husingiziwa gasketi ya silinda hedi. Asubuhi ya Julai, ukitoka kidogo ukakata, ni dizeli isiyoungua kwa sababu injini ni ya baridi. Huenda plagi moja ya kupasha moto imekufa. Gasketi ishuku pale moshi usipokata, au maji yanapopungua kwenye rejeta na huoni yanapovujia.

Oili kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa? Ni masizi ya dizeli, na kuyabeba ndiyo kazi yake. Ibadilishe kwa kufuata kilomita, si rangi.

Lakini dhana inayoharibu magari mengi ni hii: "Toa themostati, huku kwetu joto, gari halitachemsha." Themostati ni vali inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yaende kwenye rejeta. Kwenye injini nyingi za Toyota, ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi: tambarare injini haifikii joto lake na inakula mafuta, halafu kwenye mlima mrefu wa Ngorongoro sehemu ya maji haipozwi kabisa. Ya zamani itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Isipofunguka maji yakikaribia kuchemka, nunua nyingine. Angalia pia mpira wa mfuniko wa rejeta. Kwenye mita 2,300 maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 92 za Selsiasi, na mfuniko ndio unaotunza shinikizo. Watu hubadilisha rejeta nzima huku mfuniko umechoka!

Gari lisilowaka asubuhi huuziwa betri, kisha pampu. Anza na plagi za kupasha moto: hupimwa moja moja kwa mita ya umeme baada ya kufungua upau unaoziunganisha. Ile isiyopitisha umeme kabisa imekufa. Kama gari linawaka na kuzimika, au halikubali mpaka ubonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, kuna mahali hewa inapoingia kwenye njia ya mafuta. Kagua mipira ya mafuta na klipu zake kabla pampu haijaguswa.

Na tafadhali, usichanganye mafuta ya taa "kusafisha nozeli". Pampu za magari haya hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hulainisha vibaya zaidi, hivyo vyuma vya ndani husagana. Kama unashuku uchafu, fungua koki iliyo chini ya filta, kinga kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Maji yakiwapo yatakaa chini. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu, kisha bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu ndipo uwashe.