Gawa kwa 24 kwanza, ndo uje tuongee uhalisia

Juzi tena kaja mteja na modeli yake ya Land Cruiser mkonga ya 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, kaiweka mezani, kafungua boneti kwa furaha kabisa, akaniambia fundi mimi humu nimejaza kila kitu ila bado linaonekana toi, niongeze nini? Nikachungulia. Waya nyekundu, waya njano, waya bluu, zote kazichuna kwenye kebo ya intaneti, zimesongamana mle mpaka injini yenyewe huioni. Sita kati ya hizo kaniambia ni waya za plagi. Kwenye injini ya 1HZ! Jamani 1HZ ni dizeli, dizeli haiwashwi kwa cheche, hizo waya za plagi zinakwenda wapi?

Hii ndo dhana inayoniumiza kuliko zote na naisikia kila wiki, kwamba uhalisia ni wingi, ukiona gari halijakaa vizuri basi bandika kitu kingine, na kingine, na kingine. Sio hivyo. Kinachoumbua modeli ni unene. Mtu hata asiyejua gari akitazama tu anahisi kuna kitu hakiko sawa, hawezi kukuambia ni nini, lakini jicho lake limeshaona kitu kinene mahali pasipostahili.

Chukua huo waya wa ndani ya kebo ya intaneti pamoja na plastiki yake, una karibu mm 1. Zidisha mara 24. Umepitisha juu ya injini kitu cha mm 24, yaani kinene kuliko bomba la nusu inchi linaloleta maji nyumbani kwako. Waya wa plagi wa kweli, kwenye gari la petroli, una mm 7 au 8, ukigawa kwa 24 ni kama 0.3 hivi. Kichwa cha boliti ya spana 17 kinakuwa 0.7. Nati ya tairi ya spana 21 haifiki hata 0.9, na watu wananiletea ringi zimebandikwa vishanga vya mm 2, hiyo ni nati ya karibu sm 5, hakuna gereji mjini yenye spana yake ya gari dogo. Mkanda wa siti una kama mm 48, kwako ni mm 2 basi.

Kwa hiyo mimi kabla sijashika gluu nakwenda gereji na venia, kile kifaa cha kupimia unene. Ukikuta gari limefunguliwa omba kupima, mafundi wengi hawana shida, tena wanakuonyesha kitu kinapoanzia na kinapoishia, na hiyo picha ya mtandaoni haikupi.

Turudi kwa ile 1HZ. Ukitaka kitu kimoja tu cha kuongeza, weka zile bomba za nozeli, zile za chuma zinazotoka kwenye pampu ya dizeli. Kwa nje zina kama mm 6, kwa hiyo unatafuta waya wa 0.25. Unaupata kwenye kimota cha toi kilichokufa au transfoma ya redio mbovu, ule wa shaba uliopakwa vanishi. Huna venia? Zungusha waya kwenye penseli mizunguko 20, uikaze ilaliane bila nafasi, kisha weka rula. Mizunguko yote ikichukua mm 5 basi waya wako ni 0.25, safi. Sasa tazama zinavyopita, maana hapa ndo wengi wanakosea hata wakipata unene: wanazichomoa sita zimenyooka kama meno ya kitana. Pampu ya 1HZ ina kichwa kimoja, matundu sita yamekaa duara, bomba zinatoka hapo zikiwa zimebanana, zinapanda pamoja, halafu zinaachana kila moja inashika njia ya silinda yake. Kunja moja moja kwenye sindano ya kushonea ili kona iwe ya duara, ukikunja kwa koleo inavunjika kona kama L na chuma cha bomba hakikunjwi hivyo. Bomba sita hizo zikikaa, ondoa rangi zote za kebo ya intaneti, na mtu akifungua boneti ataona injini.

Alafu kuna unene ambao hukuongeza wewe, umekuja nao kwenye boksi. Bodi ya plastiki ya kit, yaani ile seti ya vipande vya kuunganisha, ina mm 1 au zaidi, zidisha unapata bati la karibu inchi nzima, wakati bati la kweli halifiki hata mm 1. Bila shaka huwezi kulipunguza lote na wala haihitajiki, punguza pale panapoonekana ukingo tu: kwenye matao ya tairi, chini ya milango, mdomo wa boneti. Laza kisu upande wa ndani, kwangua taratibu kuelekea ukingoni, usikate, kwangua, mwisho msasa wa 600 na maji. Inua bodi mbele ya taa, ukiona ukingo umeanza kupitisha mwanga acha hapo hapo. Mimi hii naifanya kabla ya kitu kingine chochote, na nikipewa modeli ambayo mwenyewe kashapaka rangi bila kukwangua kingo huwa nasikitika kweli, maana kazi ya saa mbili ndo ingelibadilisha gari lote.

Dhana ya pili ni ndugu ya hiyo hiyo: "tumia kitu chenyewe, ngozi ya kweli kwenye siti, kitambaa cha kweli, rangi ya kweli ya gari." Hapana. Kitu hakipungui eti kwa sababu umekiweka kwenye gari dogo. Ngozi ya mm 1 kwenye 1:24 ni ngozi ya mm 24, itakaa kama godoro. Kitambaa nyuzi zake zitaonekana kama kamba za katani. Mkanda wa siti mimi nakata masking tepu, naipaka rangi, inalala na kukunjika vizuri kuliko utepe wowote wa dukani. Na rangi ya metaliki kutoka gereji, zile chenga zake zimetengenezwa kwa gari la mita nne, kwako zitang'aa kama mchanga, tena tina yake kali inaweza kula plastiki usipoweka praima.

Keria ya vijiti vya meno, naomba tuache. Kijiti kina mm 2, hiyo ni nguzo ya karibu sm 5, na mishipa ya mti inaonekana hata ukipaka rangi mara tatu. Bomba la keria la mm 25 kwako ni mm 1, tumia waya wa shaba ulionyooshwa au pasha kwa mshumaa ile fremu ya plastiki inayoshika vipande vya kit, ikilegea ivute polepole, unapata fimbo nyembamba unavyotaka.

Kutu. "Gari la kazi lazima liwe na kutu kila mahali." Kutu inaanza maji yanapokaa: chini ya milango, kwenye mifereji ya paa, pale rangi ilipochubuka kwa jiwe. Nimeona HiAce ya daladala imepakwa kutu mpaka bampa. Bampa lile ni plastiki! Plastiki inapauka, inachubuka, haipati kutu. Hata ringi za alumini hazitoi kutu nyekundu.

Nyeusi tupu kwenye tairi: usitumie. Tairi lililotembea lina rangi ya kijivu kizito na vumbi kwenye kashata, yale meno yake, lipitishie msasa wa 400 pale linapogusa lami uone tofauti.

Super gluu kwenye vioo: mvuke wake unaacha ukungu mweupe na haufutiki kirahisi. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, ikikauka haionekani.

Taa za mbele kupaka silva: taa ina kina, unaona kioo kwanza kisha unaona ndani. Toboa tundu, weka foili ndani, na lenzi ikate kwenye ile plastiki angavu ya pakiti ya vidonge, tayari ina umbo la kubinuka.

Na "bila printa ya 3D huwezi", hii naisikia zaidi kwa vijana. Printa ni nzuri kwa ringi nne zinazofanana, lakini na yenyewe unaiandikia unene wewe, usipopima itakutolea kitu kinene vile vile, na mistari yake juu.

Ile Land Cruiser bado iko kwangu. Waya zote nimeng'oa, mwenyewe alikuja jana akasimama pale mlangoni akaangalia nikikunja bomba ya nne, akaomba ya tano akunje yeye. Kaivunja mara mbili, ya tatu imekaa.